Kigoma ilipata reli 1914, Mwanza 1928. Ilikuwaje wao wakawa jiji sisi tukabaki "mwisho wa reli"?

Mtoto wa Gungu #1
Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar 1905, ikafika Kigoma Februari 1914. Mwanza wakakaa mpaka 1928 ndo wakapata lile tawi la kutoka Tabora. Yaani tuliwatangulia miaka 14 mizima. Bandari tunayo tena ya kina kirefu, ziwa tumepakana na Kongo, Burundi na Zambia, na kati ya hao Burundi na Zambia hawana bahari kabisa, Kongo ya mashariki nayo bahari yake iko mbali kuliko ya kwetu. Mwonyeshe mtu ramani isiyo na majina, mwambie aweke kidole mahali panapofaa jiji la biashara, ataweka Kigoma.

Sasa angalia hali. Sensa ya 2022 mkoa wa Mwanza watu milioni 3.7, Kigoma kama milioni 2.5 hivi. Wao viwanda, wao minofu ya sangara, wao daraja la Kigongo–Busisi kilomita 3 juu ya maji. Sisi umeme wa gridi tumeuona 2022, kabla ya hapo jenereta za dizeli miaka yote.

Dai langu: reli ndo ilituponza. Haikujengwa ituhudumie, ilijengwa ipite. Mwenye hoja apinge.

Ngoja Waje #2
Naweka kambi hapa. Wazee wa Ujiji mko wapi?

Msukuma wa Igogo #3
Mleta uzi mbona jibu liko wazi kama mchana, ni PAMBA. Reli ilikuja Mwanza ikakuta kuna kitu cha kubeba. Mkulima wa Usukuma alikuwa na hela yake mkononi kila msimu, akinunua baiskeli, bati, kanga, na anayemuuzia yuko Mwanza mjini. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana kukawa na ile Victoria Federation, kina Paul Bomani hao, ndo baadaye ikawa Nyanza. Walikuwa na vinu vyao vya kuchambulia pamba wenyewe. Nyie reli ilivyofika ilikuta nini cha kubeba? Samaki wenu migebuka?

Na baada ya pamba kuyumba likaja sangara miaka ya 90, na dhahabu ya Geita iko hapo pua na mdomo. Mwanza haijawahi kukosa cha kuuza. Mji unakuzwa na mashamba yanayouzunguka, bandari peke yake haikuzi kitu.

Mtoto wa Gungu #4
@Msukuma wa Igogo hiyo pamba nani aliileta? Hamkuamka asubuhi mkaikuta imeota. Serikali ya mkoloni iliamua nyie mlime na sisi tusilime. Subiri kuna watu wanakuja kukueleza.

Mjukuu wa Manamba #5
Nimeitwa nimekuja, na jina langu linajieleza, manamba ni wale vibarua wa mashamba ya mkonge.

Babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu akaenda kukata mkonge Tanga, akarudi, akaenda tena, mara ya mwisho hakurudi, kaburi lake liko Muheza huko. Hii haikuwa bahati mbaya ya ukoo wetu tu. Buha nzima, nchi yetu Waha, ilifanywa kisima cha nguvu kazi. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuchukua watu, SILABU, limeanza 1944, na Kasulu na Kibondo ndo sehemu walizokuwa wanazoa vijana. Wakipandishwa treni hapo hapo Kigoma. Kwa hiyo @Msukuma unavyouliza reli ilikuta nini cha kubeba, ilibeba watu. Treni ya kwenda imejaa vijana wa Kiha, treni ya kurudi imejaa mizigo ya Kongo.

Ukitaka watu waende mkonge lazima kwao kusiwe na zao la kuwapa hela ya kodi. Kijana mwenye shamba la pamba haendi Tanga kukatwa na miiba. Ni hesabu nyepesi tu. Hapo ongeza malale ya miaka ya 30 ambayo watu walihamishwa na kurundikwa pamoja, vijiji vingine vikafa kabisa.

Msukuma wa Igogo #6
Pole kwa babu mkuu. Hiyo hoja naipokea, ila hata Wasukuma walienda mkonge kwa wingi, na Wanyamwezi ndo usiseme. Haitoshi yenyewe.

Karani Mstaafu #7
Habari zenu vijana. Mimi nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, Tabora na Kigoma nimekaa miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Mleta mada amegusa jambo la kweli lakini amelikata nusu. Mjerumani alijenga reli kwa macho ya Kongo, hilo sahihi. Vita ikamkuta hajaanza hata kufaidi. Julai 1916 Wabelgiji wakaingia Kigoma, na ndege zao zilikuwa zimeshaipiga bandari kwa mabomu kabla ya hapo. Vita ilipoisha Mwingereza akapewa Tanganyika, Mbelgiji akapewa Rwanda na Burundi, akasema sawa lakini mimi nataka njia ya kufika baharini. Mwaka 1921 wakatiliana saini mkataba, Mbelgiji akakodishiwa eneo bandarini Dar es Salaam na eneo bandarini Kigoma, kodi faranga MOJA kwa mwaka, milele. Wazee wetu walipaita Belbase. Mzigo wa Kongo na wa Burundi unapita pale bila ushuru, unafungwa lakiri huku unafunguliwa kule.

Sasa fikirieni ninyi wenyewe. Tani ngapi zimepita Kigoma miaka yote hiyo na mji umeambulia nini? Mshahara wa kuli. Mfanyabiashara wa mzigo yuko Elisabethville (Lubumbashi ya leo) au Usumbura (Bujumbura ya leo), bima iko Antwerp, ghala ni la Mbelgiji. Nyerere alipokaribia uhuru 1961 alisema wazi kuwa mkataba wa milele wa namna ile nchi huru haiwezi kuurithi. Lakini mazoea ya mzigo kupita tu yalibaki.

Ngoja Waje #8
Faranga moja kwa mwaka 😂😂 mimi chumba Mwanga nalipa kuliko Mfalme wa Ubelgiji

Mwanahistoria Uchwara #9
Mzee Karani shikamoo, umeandika vizuri. Naongezea upande wa pili wa ziwa maana watu husahau. Wabelgiji nao walifikisha reli yao Kalemie, wakati huo ikiitwa Albertville, mwaka 1915. Kwa hiyo ukitoka Dar unapanda treni, unapanda meli Kigoma, unapanda treni nyingine Kalemie unaingia Kongo ndani. Huo ndo ulikuwa mpango wa Kigoma kuwa kitovu.

Ila shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, ikapata njia nyingine. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikaunganishwa, shaba ikaanza kwenda zake Lobito, Angola, kwenye Atlantiki, karibu na Ulaya. Kusini kulishakuwa na njia ya Rhodesia. Kigoma ikabakiwa na mabaki ya mzigo. Kwa hiyo mimi sisemi reli ilituponza, nasema reli ilijengwa ikisubiri shaba na shaba haikuja. Hayo ni mambo mawili tofauti @Mtoto wa Gungu.

Mtoto wa Gungu #10
Sioni tofauti mkuu, zote zinasema reli haikuwa yetu. Lakini sawa.

Binti wa Buzebazeba #11
Nyie mnaongelea Kigoma ya juzi. Kabla ya Kigoma kulikuwa na UJIJI. Kigoma ilikuwa kijiji cha wavuvi wakati Ujiji ni mji mkubwa wenye soko, wenye Waarabu, Waswahili, Wamanyema, Wajiji wenyewe, misafara inatoka Bagamoyo inapitia Tabora inaishia kwetu. Burton na Speke wamefika Februari 1858 wamekuta soko linaendelea kama kawaida. Soko la Ujiji lilikuwa na hela zake, shanga za sofi, na thamani yake inapanda na kushuka kutegemea shanga zimejaa kiasi gani sokoni, kama dola za leo tu. Reli ilipokuja ikaishia Kigoma, Ujiji ikafa. Kwa hiyo nyie watu wa Kigoma mjini mnalia kuibiwa na Mwanza wakati nyie wenyewe mlituibia sisi.

Fundi Boti #12
Hahaha dada umewapiga chini ya mkanda. Lakini Ujiji haikuuliwa na reli, iliuliwa na upepo. Mimi natengeneza boti za mbao Kibirizi, nikueleze kitu unachoweza kukiona kwa macho. Msimu wa kusi, mwezi wa sita wa saba hivi, nenda ufukwe wa Ujiji saa nne asubuhi uangalie wimbi linavyopiga mchangani. Boti inabidi isukumwe na watu mpaka nchi kavu. Ghuba ya Kigoma imekingwa na rasi ya Bangwe, maji yametulia hata kama nje kunachafuka, na kina kipo mpaka karibu na ukuta. Injinia gani angejenga gati Ujiji? Mtumbwi wa zamani wa kuchimbwa kwenye gogo haujali, unavutwa mchangani. Meli ya chuma inajali. Ilivyokuja meli ya chuma Ujiji ilikuwa imeshakwisha hata kama reli isingekuja.

Mwanahistoria Uchwara #13
Fundi yuko sahihi nusu. Kuna na jambo la maji kushuka, ambalo wengi hawalijui.

Wakati Stanley anakutana na Livingstone 1871 Ujiji, maji yalikuwa karibu na mji. Nenda leo pale kwenye mnara na ile miembe, ziwa liko mita mia kadhaa mbali, utatembea. Sababu: mto Lukuga upande wa Kongo ndo njia pekee ya maji ya Tanganyika kutoka. Stanley alipita 1876 akakuta umezibwa na mafunjo na tope, ziwa limejaa. Mwaka 1878 kizuizi kikabomoka, maji yakatoka kwa kasi, na ndani ya miaka kumi na kitu ziwa likashuka kama mita 10. Mita 10! Mji uliojengwa ukingoni ukajikuta uko shambani. Kwa hiyo kabla Mjerumani hajapima reli, Ujiji ilikuwa imeshaachwa na ziwa lake.

Binti wa Buzebazeba #14
Kwa hiyo imeuliwa na reli, na upepo, na Lukuga. Bado mtasema na majini.

Dereva wa Nyakanazi #15
Na uchawi msiusahau 😂 Waha hamjambo? Mwakeye!

Mjukuu wa Manamba #16
@Binti mbona hakuna anayesema kilichofanya Ujiji iwe tajiri? Pembe na watumwa. Kina Rumaliza, wale wafanyabiashara wakubwa wa Kiarabu, walikuwa wanaendesha biashara gani pale? Watu walivushwa kutoka Manyema ng'ambo wakapitishwa hapo. Biashara ile ilipovunjwa miaka ya 1890 mji ulipoteza mtaji wake mkuu, reli ilikuja kukuta maiti. Tusiupambe sana.

Binti wa Buzebazeba #17
Sijaupamba. Nusu ya mtaa wetu ni wajukuu wa hao hao waliovushwa, tunajua. Lakini kulikuwa na chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, mahindi, vitambaa, majembe. Chumvi ya Uvinza watu walikuwa wanaifuata kutoka mbali kabla Mwarabu hajatia mguu. Usifanye kama soko zima lilikuwa la watumwa.

Kijana wa Katubuka #18
Halafu jamani Liemba. Meli iliyojengwa na Mjerumani hapo hapo Kigoma, zaidi ya miaka mia, Mwanza wanayo hiyo?

Karani Mstaafu #19
Kijana wangu haikujengwa Kigoma, iliunganishwa Kigoma. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku kama elfu tano, meli hadi Dar, treni hadi Kigoma. Ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi wasiiachie adui, na mafundi wakapaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ilikuwa ya mvuke mpaka miaka ya 70 ndipo ikawekewa dizeli.

Mimi nimeipanda ikiwa bado inatembea vizuri hadi Mpulungu, Zambia. Vituo vingi haina gati, inasimama katikati ya maji inapiga honi, mitumbwi inakuja mbio kutoka kijijini, inagombania ubavu wa meli, huku mama anashusha mtoto kwa mikono, huku gunia la dagaa linapanda kwa kamba, kuku wanapiga kelele, na yote yanafanyika usiku kwa tochi. Hapo ndipo utajua watu wa mwambao wa ziwa lile hawakuwa na barabara nyingine zaidi ya ile meli.

Kijana wa Katubuka #20
Shukrani mzee wangu.

Mama Migebuka #21
Mzee umenikumbusha mbali. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa Katonga na hapa sioni mtu aliyeongelea hela ya leo, wote mko kwenye Mjerumani.

Kigoma pesa ipo ila haikai. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu vipe, yaani boti za dagaa, vinapumzika. Asubuhi vipe vikiingia mnunuzi wa jumla ameshakaa hapo na hela yake, ametoka Dar, ametoka Lubumbashi, ametoka Zambia. Mimi kazi yangu kuanika. Wengine bado wanaanika mchangani wanapata dagaa wenye mchanga, mimi nimeshatoka huko nina vichanja vya wavu, lakini mvua ikinyesha mchana mzigo wote umeharibika hakuna mashine ya kukaushia wala chumba cha baridi. Kwa hiyo nauza haraka kwa bei anayoitaka yeye. Dagaa huyo huyo anaenda kufungashwa vizuri kwenye paketi mjini kwa watu anaandikwa "dagaa wa Kigoma". Jina letu, faida yao.

Na 2024 ziwa likafungwa kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane samaki wapumzike. Sipingi, samaki walikuwa wamepungua kweli. Ila miezi mitatu ile mnajua wenyewe wenye marejesho ya mkopo tuliishije.

Msukuma wa Igogo #22
Mama hapo umeongea. Hiyo ndo tofauti ninayoisema. Sisi sangara anaingia kiwandani Mwanza, anatoka minofu imegandishwa, anapanda ndege. Japo nako si rahisi, mwishoni mwa miaka ya 90 Ulaya walifungia samaki wetu, watu wakalia. Na mwenye kiwanda si mvuvi. Ila angalau kiwanda kiko Ilemela, ajira ziko Ilemela.

Mama Migebuka #23
Basi mwanangu tuletee kiwanda kimoja tu.

Dereva wa Nyakanazi #24
Utani pembeni. Mimi naendesha lori. Wasomi mmesema shaba, manamba, Lukuga, mimi nasema BARABARA basi. Mji ambao mvua ikinyesha unageuka kisiwa utakuaje? Kabla ya lami ya Nyakanazi–Kasulu hiyo njia nimelala porini nikipika ugali chini ya lori, matope mpaka kwenye ekseli, na bado kulikuwa na kuogopa majambazi, tunakwenda kwa msafara na askari. Upande wa Tabora mpaka Daraja la Kikwete pale Malagarasi lilipokamilika ndo watu wakaanza kupumua. Kodi ya kuchelewa ilikuwa kwenye kila mfuko wa saruji. Mwanza ilikuwa na lami ya kwenda Shinyanga mpaka Dodoma nyie mnasubiri treni, na treni nayo ikikuta reli imekatwa na mafuriko mnasubiri tena.

Mtoto wa Gungu #25
@Dereva sawa, lakini kwa nini barabara haikujengwa? Ndo swali linarudi pale pale. Ukosefu wa barabara ni matokeo, chanzo kitafute kwingine.

Dereva wa Nyakanazi #26
Chanzo kiulize waliopanga bajeti, mimi naendesha tu.

Kijana wa Katubuka #27
Kuna kitu watu wanaogopa kukisema. Ukitoka Kigoma kila unakoenda wewe ni Mrundi au Mkongo mpaka uthibitishe. Mimi nimezaliwa Maweni, baba kazaliwa Kigoma, nimeenda ofisi moja kuomba kitambulisho naulizwa babu wa babu alizikwa wapi. Mtu wa mkoa mwingine anaulizwa hivyo? Mwekezaji gani ataleta mtaji mahali ambapo wenyeji wenyewe wanahesabiwa kama wapita njia?

Mwanahistoria Uchwara #28
Hilo lina uzito, na linaungana na habari ya vita za majirani. Hesabu wenyewe: 1972 Burundi, 1993 Burundi tena, 1996 Kongo, 2015 Burundi. Kila mara watu wanakimbilia kwetu. Mwaka 2015 Kagunga kijiji kidogo kikajaa maelfu ya watu, kipindupindu kikaingia, ile ile Liemba ikaenda kuwachukua kuwaleta Kigoma. 1997 pia ilibeba wakimbizi zaidi ya 75,000 kuwarudisha Kongo. Mji ukaja kuwa mji wa mashirika, magari meupe kila kona, nyumba za kupanga bei juu, halafu mashirika yakipungua kila kitu kinashuka. Huo uchumi haujengi kiwanda. Na mteja wako mkubwa akiwa vitani nani atanunua? 2025 kule Kongo Goma ilianguka Januari, Bukavu Februari, waulizeni wenye boti za Uvira.

Fundi Boti #29
Nakubali kuhusu Uvira, ila si kweli kwamba vita inaua biashara moja kwa moja. Vita ikianza kule mashamba yanasimama, wanataka unga, wanataka chumvi, sabuni, kila kitu kutoka huku. Kuna miaka boti nilizotengeneza kwa wingi ndo miaka kule kunawaka. Inauma kusema lakini ndo hivyo. Saruji, bati, unga vinaenda, vitenge, mbao na mawese vinarudi. Kibirizi hailali.

Mutoto ya Kalemie #30
Jambo bandugu. Miye niko Kalemie. Fundi anasema kweli, huku simenti mingi inatoka kwenu. Lakini munalia nini? Siye reli yetu iko na shida kuliko yenu, treni inaweza kukaa wiki na wiki hatujaiona. Ninyi Kigoma munaita mwisho wa reli, siye tunaita Kigoma Ulaya ndogo 😂 mugonjwa akishindikana huku anavuka kwenu.

Ngoja Waje #31
Ulaya ndogo!! Leo nalala nimejifunika bendera

Msukuma wa Igogo #32
Kwa kweli nimejifunza. Ila bado hamjanijibu. Baada ya uhuru miaka 60 na zaidi mkoloni hayupo. Michikichi iko kwenu tangu enzi za mababu, nchi inaagiza mafuta ya kula nje kwa mabilioni, mawese yenu bado yanakamuliwa kwenye pipa. Hapo nani wa kulaumiwa?

Mjukuu wa Manamba #33
Swali zuri na nitakuwa mkweli, sote. Pamba ilikuwa na ushirika, na utafiti Ukiriguru. Mchikichi haukuwa na mtu. Mpaka 2018 ndo Waziri Mkuu Majaliwa akaanza kuushikia bango, kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Miche ikagawiwa. Shida mchikichi si mahindi, unapanda unasubiri miaka, na mkulima anataka ada ya shule Januari. Halafu 1972 kulikuwa na Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaacha mashamba na michikichi kule milimani. Mchikichi haubebwi kichwani ukahama nao.

Karani Mstaafu #34
Hilo la Operesheni nalikumbuka kwa macho. Malori yakishusha watu na milango ya nyumba zao.

Mwanahistoria Uchwara #35
Niwape la kufikiria. Reli ya kisasa, mkataba wa Tabora–Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, kilomita 506. Watu wanashangilia. Lakini kuna tawi la kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, kwenye nikeli, jiwe la msingi limewekwa 2025. Angalieni linapochepukia. UVINZA. Mzigo wa Burundi ambao leo unafika Kigoma unapanda meli kwenda Bujumbura, kesho utakata kona Uvinza bila kuliona ziwa. Kilichoikuta Ujiji si ndo hiki hiki?

Binti wa Buzebazeba #36
Eeeh karibuni kwenye chama. Sisi tuna uzoefu, tutawapokea.

Karani Mstaafu #37
Msitishane. Mzigo wa Burundi kwa wingi siku hizi unapita barabarani kwa malori kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero, meli zimebakiwa na sehemu tu. Kwa hiyo reli ya Musongati itamnyang'anya mwenye lori kabla haijainyang'anya bandari. Mzigo wa Kigoma ni Kongo. Kalemie, Moba, Uvira. Kongo hakuna reli itakayovuka maji yenye kina cha mita 1,470, lazima meli. Na meli ndo hatuna. Liemba imesimama miaka kwa ajili ya matengenezo, meli nyingine, Mwongozo, nayo hivyo hivyo. Mtajenga reli ya kisasa mmalizie na boti za mbao za huyu Fundi?

Fundi Boti #38
Mzee usidharau boti zangu, zimebeba mkoa huu wakati hizo meli zenu zimelala.

Dereva wa Nyakanazi #39
Na mimi nitakuwa nimenyang'anywa na reli kumbe. Uzi umekuwa mchungu ghafla.

Msukuma wa Igogo #40
Poleni wakuu. @Mama Migebuka samahani natoka nje ya mada, dagaa wa kutoka Katonga wasio na mchanga naweza kupata gunia moja nikatumiwa Mwanza? Hawa wa kwetu wa Victoria mke wangu amewakataa.

Mtoto wa Gungu #41
JAMANI MMEONA. Mwanza yenye viwanda inaomba dagaa Kigoma. Uzi wangu umefika mahali pake 😂😂

Mama Migebuka #42
Njoo inbox baba. Mwezi huu giza linaanza wiki ijayo, bei sasa hivi iko juu subiri kidogo. Na usafiri ni juu yako, basi la Nyakanazi ndo la haraka, treni usinitume.

Karani Mstaafu #43
Kwa nini asitume treni? Kigoma–Tabora–Mwanza behewa la mizigo lipo, tulikuwa tunabeba dagaa hao tangu mimi kijana.

Mama Migebuka #44
Mzee wangu nakuheshimu, ila dagaa wangu walishawahi kukaa Tabora wakisubiri kuunganishwa mpaka wakaota ukungu. Basi.

Dereva wa Nyakanazi #45
Mama piga simu, natoka Alhamisi, nafasi ya gunia ipo.